Fundi Aliposema Mashua Lazima Ikunywe

Jumatano. Mvua ilianguka alfajiri, sasa jua limetoka na Arua yote inafuka mvuke.

Rajabu mwanangu, kama unasoma haya huko Koboko, rudisha msumeno wa watu. Leo hii. Uliuazima kwa ajili ya mbao za baba yako, na mbao za baba yako hazitakatwa. Mtu mzima, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, unazunguka na msumeno kama fisi anayesubiri mgonjwa afe! Nilikunyonyesha miaka miwili. Maziwa yale yalikwenda wapi?

Basi. Na wewe nimemaliza. Sasa niandike.

Nimefika nyumbani saa nne kwa lori la samaki, na kanga yangu inanuka hivyo hivyo. Nimekaa barazani. Natazama katikati ya kiwanja, pale mashua ilipolala kifudifudi zaidi ya miaka thelathini. Udongo wa Arua ni mwekundu kila mahali, lakini pale pamebaki peupe kama majivu, umbo la mashua kamili, mbele pamechongoka na nyuma papana. Kuku wangu wanazunguka ukingoni, hawataki kukanyaga. Hawajui watalala wapi.

Mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandao alisema, Habuba, ndiyo bibi kwa lugha yetu, wewe andika tu kile umeona. Shule niliiacha darasa la tatu. Macho sikuyaacha huko.

Na jana macho haya yameona kitu.

Kwa wale wasiotujua. Mume wangu, marehemu Ramadhani, alikuwa mtu wa mto. Mashua hiyo aliichonga na baba yake kule mwaloni, bandari ya wavuvi upande wa Rhino Camp, mbao za mvule tupu, mlingoti mmoja, tanga moja. Ilibeba marobota ya pamba, mbuzi, maharusi, na wagonjwa. Kifua chake kilipoanza kumkataa, aliipakia juu ya lori akaileta hapa Arua, chini ya kilima, mahali ambapo kiangazi kikifika hata maji ya kunawa miguu tunagombania. Nilimgombeza kuanzia mlangoni mpaka majirani wakatoka nje. "Wenzako wanarudi nyumbani na ng'ombe, wewe unarudi na mashua!" Yeye alicheka. Akaigeuza kifudifudi, akasema, haya, nimekujengea nyumba ya kuku.

Masika mawili baadaye tulimzika.

Sikuikata, sikuiuza. Lakini niseme ukweli, sikuitunza. Kuku walitagia ndani na kunya juu. Nilianika nguo mgongoni mwake. Nilirundika kuni ubavuni. Vijana wa boda wakipita walikuwa wananiita, "Mama Rajabu, mvua ya Nuhu iko karibu? Tupange mustari?" Nami niliwajibu kila mara, "Nyinyi hamuingii. Nuhu alichukua wanyama wenye adabu."

Halafu Rajabu akaanza kujenga nyumba Koboko, akakumbuka kwamba mama yake amekalia mvule.

Tulikaa ukoo mzima, Ijumaa baada ya swala. Rajabu alisema kwa adabu, sitamnyima hilo. "Mama, mashua inakaa juu ya maji. Kama hii inaweza kukaa juu ya maji, mimi nanyamaza mpaka nakufa. Kama haiwezi, basi ni mbao, na mimi nyumba yangu haina milango."

Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata dada yangu, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu.

Na mimi kwa kinywa hiki nikasema, "Sawa. Kabla mwezi haujaisha itakaa juu ya maji, na wewe utaketi ndani." Sikujua nasema nini. Mimi kazi yangu ni magodoro ya pamba. Nimejaza magodoro tangu ujana, na katika mji huu watu wengi wamezaliwa na wengine wamekufa juu ya kazi ya mikono yangu. Pamba naijua. Mashua siijui hata kidogo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi neno langu silimezi.

Nikaagiza fundi kutoka mtoni. Akaja mzee mmoja Mwaluri, Onen, mrefu, mwenye begi la turubai lenye tezo, randa na patasi pana. Watu wanane waliigeuza mashua. Onen akaizunguka mara tatu, anagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. Nikamuuliza, vipi, imeoza? Akasema, "Ubao tatu iko kufa, Mama. Ingine iko nalala tu."

Mbao tatu za kuziba pengo zilitoka Kuluba. Shemeji yangu huko alikuwa na kitanda cha mama yake, mvule mzito, mkavu kabisa. Onen hakutaka mti mbichi. Alisema mti mbichi unadanganya, leo mnene, kesho umekonda.

Siku alipopitisha randa kwenye ubao wa kwanza nilikuwa nachambua mchele. Ule weusi na mavi ya kuku yakatoka kama ganda la mkate, na chini yake ubao ulikuwa mwekundu. Mwekundu kama nyama! Na harufu ikatoka. Miaka yote hiyo ya vumbi, na ndani ya ubao ilikuwa imebaki harufu ya Ramadhani akitoka mtoni: mafuta, moshi, samaki. Niliacha mchele ukamwagika.

Nyuma kabisa, pale anapoketi mshika usukani, kuna mashimo mawili madogo sakafuni. Nilidhani ni kuoza. Onen akaniambia, hapana, ni visigino vya mwenye mashua. Alikuwa anakanyaga hapo upepo ukivuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka mti ukampisha.

Nikavua kandambili, nikaweka visigino vyangu. Vilipwaya.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta mayai.

Basi ikaja kazi ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Hapo nilisema, sasa ni zamu yangu, hii ni pamba. Nilisokota kamba za pamba mwenyewe, nikazilowesha mafuta, na Onen akawa anazigongelea ndani kwa patasi. Lakini alikuwa anaweka kidogo! Kamba nyembamba, nafasi nyingine hata mwanga wa jua unapita. Nilimwambia, fundi, ongeza, shindilia. Godoro likijazwa hivi mtu analala juu ya kamba za kitanda. Akasema, "Mama, hii si godoro. Hii inajijaza yenyewe." Nikaona huyu ni mvivu. Pamba yangu ilikuwa gunia zima, na nusu sikuona imekwenda wapi.

Siku ya mwisho akafuta tezo yake kwa mafuta, akaja barazani akasimama mbele yangu.

"Mama, kazi iko kwisha. Lakini hii mashua lazima ikunywe kwanza."

"Ikunywe?"

"Siku tatu. Ikunywe mpaka ishibe. Bila hivyo—"

Sikumwacha amalize. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na naliandika kama lilivyo. Sisi ni Waislamu. Babu yangu aliingia nchi hii na bunduki ya serikali begani na tasbihi mfukoni, na katika kiwanja hiki pombe haijawahi kuvuka lango. Na nilikuwa nimesikia kwamba watu wa mtoni wengine, mashua ikimalizika, wanaimwagia pombe puani, na inayobaki, ambayo ndiyo nyingi, inapita koo la fundi. Basi nikasimama.

"Siku tatu za kunywa! Kama wewe ndiye una kiu, sema una kiu, usisingizie ubao! Nyumba ya Ramadhani hailewi!"

Onen alicheka. Ile ndiyo iliniunguza zaidi. Alicheka kidogo, akataka kusema tena, nikampigia kelele tena, mara ya tatu akaacha kucheka. Baadaye nimejua kwamba yule mzee ni mzee wa kanisa, hajaonja pombe tangu aoe. Nilikuwa namwita mlevi mtu ambaye hata kwenye sherehe anakunywa soda. Alifunga begi lake polepole. Akasema, "Sawa, Mama. Maji itakuambia." Akaenda zake.

Jumamosi tukaipeleka mashua mtoni kwa lori. Rajabu alikuja kutoka Koboko. Ni siku ya soko pale mwaloni, watu wamejaa, samaki chini, muhogo chini, na habari ilikuwa imetutangulia kwamba kuna mwanamke wa Arua analeta mashua kutoka mlimani. Walitupisha njia kama arusi. Nilivaa gomasi yangu ya Idi, gauni refu lenye mabega yaliyosimama. Nilijisikia!

Wakaisukuma ikaingia.

Ikakaa juu ya maji muda wa kutaja jina la Mungu mara moja. Halafu maji yakaingia. Hayakuingia mahali pamoja, yaliingia kila nafasi, mistari mirefu inayong'aa, kutoka mbele mpaka nyuma, kama chujio. Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Rudisha kuku yake!" wakaanguka kucheka. Nikamtazama Rajabu. Alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama mbao moja moja, na niliona midomo yake inahesabu milango.

Na hapo nikamwona Onen. Kumbe ni kwake, nyumba yake iko hapo hapo juu ya mwalo. Alikuwa amesimama na mkewe na wajukuu zake kati ya watu.

Sauti yangu nyinyi mnaijua. Nilinyoosha mkono nikasema, "Yule pale! Mwizi! Pamba yangu umepeleka wapi? Umekula wali wangu, umeiba pamba ya mjane!" Nikasema mengine. Soko lote likageuka, hata wale waliokuwa wanacheka. Mjukuu wake mmoja alijificha nyuma ya gauni la bibi yake.

 Onen alivua shati, akamkabidhi mkewe, akaingia majini. Nilidhani anaenda kuitoa mashua. Akachukua jiwe ufukweni, kubwa, akalitumbukiza ndani ya mashua yangu. Akachukua la pili. La tatu. Anaizamisha!

Nilipiga ukunga. Nilisema ameniua, amemzika Ramadhani mara ya pili. Nilikuwa nimeshafika magotini ndani ya maji nikamkamate, pale mkewe aliponishika kiuno kwa nyuma. Mwanamke mfupi, mikono yake ina magamba ya samaki, lakini ana nguvu kama watu wawili.

"Mama! Mama, wacha ikunywe!" akanipigia kelele sikioni. "Ubao iko na kiu! Imekaa jua miaka ngapi? Wacha ikunywe maji!"

Maji.

Ikunywe maji.

Nilisimama pale, gomasi imelowa, nikitazama kidomo cha mashua kikishuka taratibu mpaka maji yakafunika. Na mimi ndiye mwanamke wa pamba. Mimi ndiye ninayewakaripia wasichana kila masika, msiache godoro mvuani, pamba ikikunywa maji inavimba, inapasua mshono! Neno hilo hilo ninalitumia mwenyewe. Inakunywa. Nimelisema miaka yote, na aliposema fundi nikasikia chupa.

Rajabu alikuja kuniaga. Akasema, "Mama, umezika mbao nzuri sana." Akapanda lori akarudi.

Nilibaki. Niende wapi? Na nilale kwa nani pale, nisiyemjua mtu? Nililala kwa mtu niliyemwita mwizi. Mkewe alinitandikia bila kuuliza. Godoro lao nililikagua, limejazwa vibaya, lakini safari hii nilifunga mdomo. Alinipikia samaki na ugali wa muhogo, na akanitafutia kipande cha turubai safi cha kuswalia. Onen alikuwa anapita, ananisalimu, "Umelala vipi, Mama," kama vile hakuna lililotokea. Hiyo ni adhabu kubwa kuliko kofi.

Mchana nilikaa ukingoni nikitazama maji. Hakuna cha kuona. Mtoto wa kuchota maji anapita, bata wanapita, na mashua yetu iko chini inakunywa. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo nimelisimulia mara mia bila kulisikia. Wakati wa vita, siku tuliyokimbilia Kongo, Ramadhani aliizamisha mashua hii kwa mawe kwenye kijito chenye matete ili askari wasiichukue. Tulikaa ukimbizini miaka. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imechomwa, bati zimekwenda, hata mlango wa choo umekwenda. Yeye akatembea mpaka kijitoni, akatoa mawe, akaniletea habari huku analia: iko nzima, haina hata tundu. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu, oneni muujiza, maji hayakuiua.

Maji yangeiua vipi? Aliyekuwa anaiua ni mimi, kwenye jua la Arua.

Jana asubuhi wakatoa mawe. Vijana kumi waliinua, wakamwaga maji, wakamaliza yaliyobaki kwa makopo na sifongo ya godoro. Onen aliniambia niingie. Nikasema mimi sijui kuogelea. Akasema, "Hapana mutu ataogelea leo, Mama. Ingia."

Nikaingia. Nikakaa sakafuni na gauni langu, nikaweka viganja viwili chini kwenye mbao. Nikasubiri maji. Watu wa mwaloni walikuwa wachache, si siku ya soko, lakini wote walisogea ukingoni.

Zile nafasi ambazo jua lilikuwa linapita, sikuziona. Nilipitisha ukucha kati ya ubao na ubao, ukucha haukupata pa kuingia. Mbao za kitanda cha Kuluba na mbao za Ramadhani zilikuwa zimeshikana kama vidole vya mtu anayeomba. Pamba ile kidogo niliyomtukania mtu ilikuwa imevimba mpaka imekuwa ngumu kama fizi, na ile nusu nyingine ya gunia nimeikuta leo hapa nyumbani, nyuma ya kuni. Na kama angeshindilia kama nilivyotaka mimi, mkewe alinieleza, ubao ukivimba ungekosa pa kwenda, misumari ingeng'oka yote, na Rajabu angepata milango yake imeshachanwa tayari.

Viganja vyangu vilikuwa vikavu.

Subhanallah. Nina umri huu, nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimekimbia nchi na kurudi, nilidhani hakuna kitu kitanishangaza tena isipokuwa bei ya sukari. Mti ulikatwa kabla sijaolewa. Umekaa jangwani kwangu na mavi ya kuku mgongoni, miaka zaidi ya thelathini. Ukapewa maji siku tatu tu, na ukajua la kufanya. Hakuna aliyeufundisha upya. Kila ubao ulimtafuta mwenzake mpaka ukampata.

Mashua ilikuwa inapumua chini yangu, juu, chini, kama mtu aliyelala usingizi mzuri.  Wajukuu wa Onen wanaweza kushuhudia, nilikaa pale bila kusema kitu mpaka jua likafika utosini, na wanaonijua watasema ni uongo.

Tulimpigia Rajabu simu ya video, Onen akaielekeza sakafuni aone. Alisogeza jicho mpaka likajaza kioo cha simu. Halafu akasema, "Mama, iko kavu?" Nikasema njoo uiguse. Akasema, "Hapana. Nimeona. Nimenyamaza." Ni mtoto wangu, neno lake pia halimezi.

Lakini shajara, sijamaliza, na hiki ndicho kimenifanya niandike kabla hata ya kuoga.

Leo alfajiri kabla ya kuondoka nilimwendea Onen nyuma ya nyumba yake, anakoweka nyavu. Nikaanza kutafuta maneno. Mimi kuomba radhi si mazoea yangu, nilisimama kama mtoto aliyejikojolea. Nikasema, baba, yale niliyoyasema Jumamosi... Yeye akainama akatazama nyavu zake, ameona haya kwa niaba yangu. Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, bila hata kugeuka.

"Mama, hapa kuna mimi na bwana yangu na paka. Siku ile ulisema mbele ya soko. Neno ulitupa sokoni, hapana okota jikoni."

Sikupenda. Niseme ukweli, nilikasirika, nilipanda lori nimenuna, na nimenuna nalo barabara nzima mpaka Arua. Nani huyu wa kunifundisha? Lakini nimekaa hapa barazani, chai imepoa, na kila nikiligeuza neno lake sioni mahali pa kuliingizia ukucha.

Yule mtoto aliyejificha nyuma ya gauni alisikia mwizi. Hajasikia kitu kingine.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Tanga la zamani panya walilimaliza, kwa hiyo kuanzia mchana huu nashona jipya kwa kitambaa cha magodoro, kile kizito chenye mistari ya buluu, na yeyote anayeona aibu kwa tanga la mistari asipande. Rajabu, Ijumaa uko hapa kunishikia ncha ya kitambaa, na Jumamosi unaketi ndani ya mashua kama nilivyosema mbele ya ukoo. Na nyinyi wote mliokuwa mwaloni Jumamosi ile, mwenye samaki, mwenye muhogo, na wewe uliyesema rudisha kuku yake, njooni Jumamosi hii, saa ile ile ya soko. Msimame pale pale mliposimama. Mlete watoto. Nitaita jina la Onen kwa sauti ile ile, na safari hii mtasikia neno lingine. Msichelewe, sitalisema mara mbili.